Mbona Nyeupe hakumla yule askofu wa b7?

Ndugu, umeuliza kwa nini Hamppe (Nyeupe), alipocheza chesi na Meitner (Nyeusi) kule Vienna mwaka 1872, alikubali sare ilhali askofu wa bure kasimama kwenye mraba wa b7. Huyo si wa bure hata kidogo. Ni mtego.

Jana usiku nilipofika nyumbani kutoka mjini nilipanga ubao hadi hatua ya 16, nikamla huyo askofu kwa mfalme mweupe nione. Nyeusi anasogeza tu mfalme kutoka d8 kwenda d7. Hakuna cheki (tishio kwa mfalme), hakuna kelele. Lakini njia ya ngome ya h8 sasa iko wazi mpaka b8, ambako itammaliza mfalme mweupe, na ile ya a8 inamlinda mwenzake huku ikiziba a6 na a7. Mfalme mweupe hana pa kukimbilia. Ukipiga cheki kwa malkia pale g4, mfalme mweusi anaingia d6, na ngome inashuka b8 vilevile.

Kwa hiyo mfalme mweupe hamli askofu, anarudi b5, askofu anampiga cheki kutoka a6. Akikimbilia a4, askofu anakaa c4, kisha askari anasonga b5 na mchezo umekwisha. Inabaki kurudi c6, askofu ampige cheki kutoka b7, tena na tena, ndiyo sare.

Kumbuka Nyeusi alishamtoa malkia kafara pale a4 hatua ya 9! Mimi sare hiyo naithamini kuliko ushindi mwingi niliouona.