Baiskeli Kubwa ya Kukunja Kwenye Changarawe: Maswali Yenu

Maswali ya safari hii yote ni ya baiskeli za kukunja, lakini si zile zenye vigurudumu vya mtoto. Tunazungumzia zile ambazo fremu inakunjika huku magurudumu yakibaki ya mtu mzima, yaani rimu ya milimita 622 (huandikwa 700C) au 584 (650B), pamoja na tairi pana la barabara isiyo na lami.

Zikishakunjwa hubaki na ukubwa gani? Chumba changu ni kidogo na gari langu pia ni dogo.

Gurudumu ndilo linaloamua. Rimu ya milimita 622, ukiongeza tairi la milimita 40 juu na chini, inafika milimita 702. Hizo sentimita 70 hakuna bawaba itakayokupunguzia. Kinachopungua ni urefu wa baiskeli, ambao hubaki karibu nusu. Montague za Marekani, kwa mfano, hujizungusha kwenye paipu ya kiti baada ya kuchomoa gurudumu la mbele, na hubaki na takriban sentimita 91 kwa 71 kwa 30. Ukilaza viti vya nyuma, kipimo hicho kinaingia kwenye magari mengi madogo. Nyumbani kinakaa nyuma ya mlango au chini ya ngazi bila ugomvi.

Kuibeba ni habari nyingine. Nyingi zina kilo 12 hadi 15, na gurudumu la mbele likishatoka una mizigo miwili: fremu mkono huu, gurudumu mkono ule. Kwenye matangazo yule kijana huwa anaishika kwa mkono mmoja huku anacheka. Picha hupigwa mara moja tu, ngazi hupandwa kila siku. Basi kabla ya kuuliza inakunjwa kwa sekunde ngapi, jiulize itakuwa inalala wapi, na kutoka hapo hadi barabarani ni hatua ngapi.

Rafiki yangu ananiambia niachane na magurudumu makubwa kwa sababu hata Brompton, wale Waingereza wa baiskeli ndogo za kukunja, sasa wana ya changarawe. Ni kweli?

Ni kweli. Inaitwa G Line, ilitoka mwaka 2024, ina magurudumu ya inchi 20, matairi ya milimita 54 na breki za diski za haidroliki (zinazosukumwa na kimiminika badala ya waya). Bike Friday, watengenezaji wa Oregon, Marekani, nao wana ya kwao ya inchi 20 kwa njia mbaya. Rafiki yako hapaswi kupuuzwa.

Chukua jiwe lenye kimo cha sentimita 5. Pima pembe kati ya mstari unaoshuka wima kutoka kwenye ekseli na ule unaoelekea pale tairi linapoligusa jiwe. Kwa 700C yenye tairi la milimita 40 utapata kama digrii 31, kwa inchi 20 yenye tairi la milimita 54 kama 36, na kwa inchi 16 yenye tairi jembamba kama 40. Kadiri pembe inavyokua ndivyo jiwe linavyozidi kulirudisha gurudumu nyuma badala ya kulipandisha. Kwa hiyo inchi 20 yenye tairi nene haiko mbali sana na kubwa, na upepo mwingi ulio ndani ya tairi hilo unaliziba pengo lenyewe kwa kiasi fulani. Tofauti huonekana zaidi kwenye mashimo na mifereji ya maji, ambako gurudumu dogo huzama pale ambapo kubwa lingepita juu juu.

Mimi ningeamua hivi: anayepanda treni kila siku na kukutana na changarawe mwishoni mwa safari, achukue ya inchi 20. Anayeikunja Jumamosi tu ili iingie kwenye gari, kisha akashinda kutwa nzima kwenye kokoto, achukue kubwa.

Hofu yangu ni bawaba. Si itakatika katikati nikiwa kwenye mteremko?

Hili ndilo swali lililokuja kwa wingi kuliko yote, na ni swali zuri.

Kwanza, wazo lenyewe si geni. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa miamvuli wa Uingereza waliruka na baiskeli za BSA zenye magurudumu makubwa, zilizokunjwa katikati na kufungwa kwa nati za masikio. Miaka ya 1990 Montague walitengeneza Paratrooper yao kwa fedha za DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Lakini uimara wa baiskeli ya askari haukuhakikishii uimara wa hiyo unayotaka kununua wewe.

Changarawe haivunji fremu kwa pigo moja. Inaichosha kwa mapigo madogo maelfu kwa maelfu, na chuma kilichochoka hupasuka kuanzia mahali penye mkazo mwingi, mara nyingi kando ya weldi. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 4210 kina majaribio ya kuisukuma na kuivuta fremu tena na tena. Muuzaji akishindwa kukuonyesha kwamba baiskeli yake imefuata kiwango hicho, usiichukue, na kitabu chake kikiandika kwamba ni ya lami tu, mwamini aliyekiandika. Angalia pia uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na ukumbuke kwamba mifuko na maji navyo vinahesabiwa.

Bawaba nazo hazifanani. Kuna zinazokata paipu kuu katikati na kuiunganisha kwa komeo. Hapo mzigo wote wa safari unapita kwenye kiungo. Kuna za mtindo wa Montague, ambako paipu kuu haikatwi, sehemu ya mbele inazunguka kwenye paipu ya kiti. Kwa njia mbaya napendelea huu wa pili, ingawa ile ya komeo iliyotengenezwa vizuri nayo sina ugomvi nayo.

Ukaguzi hauchukui hata dakika moja. Simama kando, bana breki ya mbele, weka vidole juu ya kiungo kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Kiungo kikicheza utakihisi vidoleni kabla hujakiona. Kaza kwa kufuata kitabu cha baiskeli yako. Kikiendelea kucheza, usipande. Ikilia tu bila kucheza, huenda ni mchanga: fungua, futa nyuso zote mbili, weka grisi kidogo kwenye pini. Ukiona mstari mwembamba kwenye rangi karibu na weldi, hapo hakuna mjadala, baiskeli ikae chini. Na usiipeleke fremu ya aluminiamu kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Nyingi ya fremu hizo huimarishwa kiwandani kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea huondoa ule uimara palepale pa kiungo.

Naweza kuweka usukani uliopinda chini, kama wa baiskeli za mashindano?

Unaweza, ila ule wa changarawe huwa mpana na umetanuka chini, na baiskeli ikikunjwa hujitokeza kando kama pembe za ng'ombe. Nyaya nazo lazima ziwe na urefu wa ziada ili zisivutwe wakati wa kukunja. Usukani ulionyooka hausumbui sana.

Nikisafiri kwa ndege nitaihesabu kama begi la kawaida?

Kwa kawaida hapana. Mashirika mengi huweka kikomo cha sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Jumlisha 91, 71 na 30: ni 192, na begi lenyewe bado. Soma masharti ya shirika lako kuhusu vifaa vya michezo kabla hujakata tiketi.

Kama ndege ndiyo sababu yako kubwa, tafuta fremu ya kutenganisha badala ya kukunja: yenye viungo vya kufungulia vya S&S, au Break-Away ya kampuni ya Ritchey, ambayo ina toleo la changarawe liitwalo Outback. Hizo hupakiwa kwenye kasha la karibu sentimita 66 kwa 66 kwa 25, jumla 157, na matairi ya 700C huingia baada ya kutolewa upepo. Ila huko si kukunja, ni kuvunja na kujenga upya. Hutaki kufanya hivyo kila asubuhi.

Kila nikirudisha gurudumu la mbele diski inasugua. Breki imeharibika?

Huenda haijaharibika. Rudisha gurudumu baiskeli ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, ekseli ikae hadi mwisho, ndipo ukaze. Kama breki ni ya haidroliki na mkono wake ulibanwa gurudumu likiwa nje, pedi zimesogeleana: zisukume taratibu kwa kitu bapa cha plastiki kilicho safi, rudisha gurudumu, kisha bana breki mara kadhaa. Ukikunja tena, chomeka kipande cha kadibodi safi kati ya pedi, na gurudumu ulilochomoa lilaze diski ikiangalia juu.