Karatasi ya Wapiga Kelele

Mwanangu,

Umeniuliza kama uache darasa lako ukasomee elimu maalumu pale Chuo Kikuu cha Kenyatta, ujikite kwa watoto wenye vipawa, au utakuwa umejizibia njia ya kupanda cheo. Ya cheo muulize baba yako, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu madaraja ya mshahara hata tukiwa mezani. Mimi nitakupa habari ya yule kijana wa Kayole, kule Eastlands, Nairobi. Najua umeisikia. Hujaisikia yote.

Ilikuwa 2003, mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa bure. Darasa langu la nne lilikuwa na watoto 94, wengine wameketi dirishani. Yeye alimaliza hesabu kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Basi nikampa kazi anayopewa kila mwerevu katika shule zetu: shika kalamu, andika wapiga kelele.

Siku moja natoka ofisini, akanipa karatasi. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, majina upande huu, vipindi upande ule, kila aliyeongea kawekewa vijiti vitano vitano. Nikaisoma kwa sauti kabla sijajua ninasoma nini. Chini kabisa: "Nyamazeni ya mwalimu: 17. Wakanyamaza: 2."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikampigisha magoti nje hadi kengele ya chakula. (Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku 2001, na mimi nikajiona mwema kwa kutovitumia.) Tangu hapo akawa ananiletea majina matatu kila siku, yale yale, bila mstari hata mmoja. Muhula wa tatu hakurudi. Walihamia mashambani, ndivyo nilivyoambiwa.

Usinitetee kwa ile 94. Nimejitetea nayo miaka yote hii. Na kweli, 94 ni 94, nani angemwona? Lakini nilimwona, mama. Nilimwona vizuri sana, nikaudhika.

Ulinisimulia juu ya Terman, yule mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeanza 1921 kuwapima watoto werevu, akawaacha nje Shockley na Alvarez waliokuja kupata Nobel ya fizikia. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yeye alipotoshwa na mtihani. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi.

Mtoto mwepesi haongezewi kazi, hubadilishiwa kazi. Nilikuambia hivyo ulipoanza kufundisha, nakuambia tena. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewaweka wenye vipawa ndani ya elimu maalumu, pamoja na wenye ulemavu. Imewaweka, basi. Ingia shule yoyote ya Eastlands uulizie mwalimu wa vipawa, utaonyeshwa mwalimu wa michezo.

Ninachohofia ni kwamba utaishia kwenye shule za watu wenye magari, ukiwapima watoto ambao wazazi wao walishawatangaza kitambo. Wa Kayole hana wa kumtangaza. Tena, nani atakulipa kumtafuta? Haya, nimerudi kwenye mshahara kama baba yako.

Sitakuambia ujaze fomu. Nilijiapia, baada ya yale ya ndugu yako na chuo cha ufundi. Ila tarehe ya mwisho ni lini? Karatasi nimeitoa kwenye lile kopo la biskuti la nyanya yako. Jumapili ukija, usiikunje, imeanza kukatika pale kwenye 17.

Mama