Namba zenye herufi

Mwanangu,

Salamu kutoka Jinja. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Swali lako nimelipata: zile anwani za tarakimu 12 unazonakili nyuma ya ruta, zenye A hadi F ndani yake, ni namba kweli au ni alama tu? Na kama ni namba, utajuaje zinagawanyika kwa 3 au kwa 5 bila kuzirudisha kwanza kwenye kizio cha kumi?

Ni namba, mama. Kizio cha kumi na sita kinataka tarakimu 16 na sisi tunazo 10 tu, ndiyo maana herufi zikaazimwa: A ni 10, F ni 15. IBM, kampuni ya kompyuta, walizitumia kwenye mashine zao za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, na watu wakazoea.

Chukua mwaka wetu wa uhuru, 1962. Kwa heksadesimali, yaani kizio cha kumi na sita, ni 7AA: 7 mara 256 ni 1792, A mara 16 ni 160, ongeza 10. Sasa itazame hivyohivyo. Inaishia na A, basi ni shufwa. Na kwa kuwa 10 haigawanyiki kwa 4, nayo 7AA haigawanyiki kwa 4. Tarakimu moja imemaliza kazi, maana 16 yenyewe inagawanyika kwa 2 na kwa 4.

Kwa 3 na 5 jumlisha tarakimu. Shuleni ulijumlisha ili kupima 9, lakini sijui kama mwalimu wako aliwaambia sababu (wengi hawasemi). Ni kwamba 10, 100 na 1000, kila moja ukiigawa kwa 9 inabaki 1. Huku kazi hiyo inafanywa na 15, maana 16 na 256 ukizigawa kwa 15 inabaki 1. Basi 7 na 10 na 10 ni 27. Toa 15, baki 12. Hiyo ndiyo baki ya 1962 kwa 15. Na 15 ni 3 × 5, basi kwa kuwa 12 inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 5, 1962 nayo ni hivyo. Umeona 5 ilivyohama? Kwenye kumi tunaitafuta mwishoni mwa namba, huku iko kwenye jumla.

Ukitaka 7, 9 au 13, kata tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, ujumlishe mafungu. Ni kwa sababu 16 × 16 × 16 ni 4096, na ukitoa 1 unapata 4095, yaani 5 × 7 × 9 × 13.

Ila kwa kazi yako ya kunakili, jumla haikusaidii sana. Ukikosea ukaandika A7A badala ya 7AA, jumla inabaki 27 na kosa linapita. Tumia 17, maana 16 ni 17 ukitoa 1: anzia kulia, ongeza, toa, ongeza, kisha linganisha jibu la asili na la nakala. 7AA inatoa 10 − 10 + 7, yaani 7. A7A inatoa 10 − 7 + 10, yaani 13. Tarakimu mbili tofauti zilizo jirani zikibadilishana nafasi, 17 itazikamata kila mara. Zikibadilishana zilizoachana kwa nafasi moja katikati, haitaona kitu. Hapo mwombe mwenzako akusomee kwa sauti.

Mama yako