Vidaka vinapukutika, majimoto wametoweka: nipulize dawa gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ekari tatu za minazi na mikorosho huku Mkuranga, nilizorithi kwa marehemu baba. Enzi zake kulikuwa na michungwa na mipera katikati, na majimoto, wale sisimizi wanaouma wakaao mitini, walijaa hadi wakwezi wakilalamika. Miaka minne iliyopita niliikata ile miti ya matunda, na tangu hapo nalima chini kote kwa trekta. Shamba ni safi kabisa. Sasa majimoto hamna, vidaka na vitale (nazi changa) vinapukutika, na machipukizi ya mikorosho yanakauka. Duka la pembejeo wananishauri dawa ya kupuliza. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Pesa ya dawa iweke kwanza. Okota vidaka na vitale kama ishirini vilivyodondoka, uvikague kimoja kimoja. Mnazi hupukutisha vidaka vingi hata ukiwa na afya njema, kwa hiyo kudondoka peke yake si ushahidi. Ukiona makovu yaliyobonyea, yenye ulimbo ulioganda, mshukiwa ni mbu wa minazi, kunguni wa kahawia ambaye kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi. Huyu hudunga tunda changa kwa mrija wake, na mate yake huua sehemu aliyodunga. Ukiona doa jeupe la pembetatu linaloanzia kwenye kikonyo, kisha linageuka ganda la kahawia lenye nyufa, huyo ni utitiri wa minazi, na haya nitakayokueleza hayatakusaidia sana. Chipukizi la mkorosho lenye madoa meusi marefu, linalokauka kuanzia nchani, mara nyingi ni kazi ya mbu wa mikorosho, kunguni mwingine. Mbu wa minazi naye hushambulia mikorosho.

Kwa maelezo yako nadhani ni hao kunguni, maana umewaondoa majimoto, maadui wao wakuu. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza M. J. Way aliichunguza minazi ya Zanzibar na kuona kwamba palipo na majimoto mnazi unazaa, na pasipo nao kunguni huyu anatamba. Hata jina wayi limetokana na lake. Baadaye utafiti wa Bara ulionyesha majimoto wanaisaidia mikorosho vilevile. Siku nzima hupita kwenye makuti, mafumba ya maua na matunda, wakiwakamata kunguni wadogo na kuwasumbua wakubwa wasitulie kula wala kutaga.

Sasa tuje kwenye jembe la trekta, maana naamini kosa liko hapo. Ardhini kwenye mashamba ya pwani kuna sisimizi wadogo wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi (Pheidole megacephala). Hao ni mahasimu wa majimoto. Shamba likiwa na majani chini, wanapata chakula hukohuko, wanabaki ardhini, na majimoto wanaishi juu ya miti kwa amani. Ukilima pakawa peupe, chakula cha chini kinakwisha, wanapanda mitini na kuwafukuza majimoto. Hili limeonekana katika mashamba ya michungwa hapa hapa Tanzania. Ili kuhakikisha, weka vipande vya nazi iliyokunwa au samaki kwenye mashina kadhaa, urudi baada ya nusu saa uone nani amekusanyika.

Na ile michungwa na mipera uliyoikata ilikuwa makazi. Majimoto hushona viota kwa majani yanayokunjika, wakitumia uzi wa viluwiluwi wao. Kuti la mnazi linawapa tabu, lakini mchungwa, mwembe, mstafeli, mpera na mkarafuu wanaupenda. Koloni moja hutawanya viota vyake kwenye miti mingi, kwa hiyo linahitaji miti ya aina hiyo karibu na minazi, na matawi yanayogusana. Uwaombe na jirani zako wasiikate yao ya mpakani.

Acha kulima kote. Palilia duara la kila mti tu, kwingine fyeka majani yabaki mafupi. Chini ya mikorosho safisha kabla ya msimu wa kuokota, la sivyo korosho zitapotelea majanini, na usisahau njia ya kuzuia moto kiangazi. Panda michungwa au mistafeli michache kati ya minazi.

Kuhamisha majimoto kunawezekana, ila watu wengi hukosea. Viota vyote vitoke koloni moja; ukichanganya wageni watauana. Waweke wachache pamoja kwanza, wakipigana ujue ni makoloni mawili. Kata viota vingi kadiri uwezavyo pamoja na matawi yake, ili malkia asibaki nyuma, maana bila yeye wafanyakazi watakwisha taratibu. Vining'inize kwenye miti ambayo sisimizi wa ardhini hawajaiteka, kisha unganisha miti kwa kamba ya usumba.

Dawa siikatai moja kwa moja. Kwenye mikorosho, ubwiriunga ni ugonjwa wa kuvu na majimoto hawautibu, kwa hiyo salfa ina nafasi yake. Lakini mnazi hutoa karara (ganda lenye shada la maua) jipya karibu kila mwezi, na kunguni wachache tu wanatosha kuharibu mazao. Utaupulizia mti mrefu kila mwezi, mwaka mzima, kwa gharama gani? Ukilazimika kupuliza mikorosho dhidi ya kunguni, puliza ile iliyoshambuliwa tu, na miti yenye viota iache.

Majimoto wana kero zao. Huwalinda vidugamba kwa ajili ya ule utomvu mtamu, na majani ya mchungwa yanaweza kuota masizi. Wakwezi wataumwa, wajipake majivu mikononi na miguuni. Kwenye korosho kero ni ndogo kwa kuwa huokotwa chini.

Usitarajie mkwezi akuletee nazi nyingi mwezi ujao. Karara linalopasuka leo, nazi zake utaziangua baada ya miezi 11 au 12. Chagua minazi kumi, uhesabu kila mwezi vidaka vyenye makovu vilivyodondoka chini yake, uandike daftarini. Idadi hiyo itaanza kupungua mapema kuliko mavuno yatakavyoongezeka.