Usikiache kipipa miezi sita: niliharibu chupa saba za bourbon

Usimimine bado. Umeandika kwamba umenunua kipipa cha lita 5 kilichokuwa na mvinyo mwekundu ili bourbon yako, yaani wiski ya Marekani inayotengenezwa zaidi kwa mahindi, ipate ladha ya mvinyo huo, kwamba chupa zake ziko tayari mezani, na kwamba muuzaji amekuhakikishia miezi sita ndiyo kipimo sahihi, kwa kuwa Angel's Envy, bourbon ya kiwanda cha huku kwetu, nayo hukaa hadi miezi sita katika mapipa ya Porto, mvinyo mtamu wa Ureno. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Louisville, Kentucky, miaka mitatu iliyopita, na mtu aliyekuwa akitabasamu huku akinifungia mzigo. Unauliza utumie bourbon ipi kati ya hizo, uilaze kwa muda gani, na siku ya sherehe ya kaka yako uwaandalie wageni bilauri za aina gani na chakula gani. Bilauri na chakula vinaweza kusubiri; naanza na muda, maana hapo ndipo fedha zako zitakapopotelea.

Nilinunua chupa saba za mililita 750, kila moja dola 32, jumla dola 224 kabla ya kodi. Nilijaza kipipa hadi kwenye kizibo, robo lita ikabaki katika chupa ya mwisho. Nikahesabu miezi sita, nikaandika tarehe kwenye karatasi, nikaibandika juu ya kipipa na kukiweka kwenye rafu ya jikoni, mahali penye joto mwaka mzima. Sikuonja hata mara moja, kwa sababu muuzaji alinionya kwamba kufungua kizibo kunaingiza hewa na kuua harufu. Ndugu yangu, kinywaji chenye kileo cha asilimia 45 hakiharibiki kwa sekunde kumi za kufunguliwa kizibo. Onyo lile lilinizuia nisigundue mapema kile ambacho ulimi wangu ungeniambia katika wiki ya pili.

Siku ilipofika nilifungua kibomba cha mbao, kikatoka kitu cheusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Nilikimimina kwenye bilauri moja, na kando yake, katika bilauri nyingine, nikamimina kidogo kutoka kwenye ile robo lita iliyobaki. Ile ya chupani ilinukia vanila, sukari iliyoungua na mahindi. Ile ya kipipa ilinukia ubao uliotoka kupasuliwa kwa msumeno, na mdomoni ilileta ukakasi wa mtu aliyeng'ata bibo bichi, ukakasi ambao haukuondoka hata baada ya kunywa maji. Utamu wa zabibu na plamu nilioutafuta, na ambao ndio uliofanya nitoe fedha zangu, haukuwepo kabisa. Nilipopima kilichobaki nilipata lita 3 na robo. Watengenezaji wa Kentucky huita kinachopotea hewani fungu la malaika. Kwangu malaika walikuja na ndoo.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Pipa la kawaida la bourbon hubeba lita 200 hivi, na pipa la mvinyo la Bordeaux hubeba lita 225. Kadiri chombo kinavyokuwa kidogo, ndivyo kila lita iliyomo inavyogusa ubao mwingi zaidi, na katika kipipa cha lita 5 kila lita hugusa ubao zaidi ya mara tatu ya ule inaougusa katika pipa la lita 225. Isitoshe, sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe katika mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo kinywaji ulicho nacho mezani kilikwisha kushiba ubao kabla hakijafika dukani. Unachokitafuta katika chombo cha pili ni mvinyo ulionyonywa na mbao, na huo hutoka mapema. Ukishatoka, kinachoendelea kutoka ni tanini, kile kitu cha ndani ya ubao kinacholeta ukakasi, na tanini ikizidi hakuna sukari wala barafu itakayoiondoa. Kiwanda chenye mamia ya mapipa kinaweza kulichanganya pipa lililozidi na mengine yaliyo laini. Wewe una kimoja.

Nilipompigia muuzaji simu ndipo akakiri kwamba kipipa kilikuwa kipya, kimelowekwa mvinyo kwa wiki chache ili kipate jina la kuuzia. Kisha akaniambia kwamba kila mtu ana ladha yake. Mtu anayeuza kipipa cha lita 5 kwa kunukuu muda wa mapipa makubwa ya kiwandani, ama hajawahi kuonja anachokiuza, ama anajua na hajali. Bado nina hasira naye, na nimekasirika zaidi kuona wimbo huohuo umeimbwa kwako.

Kwa hiyo shika hili hata kama utasahau mengine yote: onja kila baada ya siku tatu, kuanzia siku ya tatu. Bakiza bourbon kidogo katika chupa yake ili uwe na cha kulinganishia. Chota kijiko kimoja cha chai kutoka kwenye kipipa, ongeza matone mawili ya maji, onja, kisha onja ile ya chupani. Siku utakayoona ulimi unaanza kukauka pembeni, mimina yote kwenye chupa za kioo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na umechoka, kwa maana ndani ya kioo ubao hauna tena nguvu juu yake. Jaribio langu la pili lilichukua siku kumi na moja. Ukingo wa bilauri ulikuwa na wekundu hafifu, harufu ya zabibu kavu ilitangulia, vanila ikafuata nyuma yake, na mke wangu, ambaye wiski humfanya akunje uso, aliomba aongezewe.

Kuhusu bourbon ya kutumia, chukua yenye kileo cha asilimia 50 au zaidi, kwa sababu mvinyo uliobaki kwenye mbao utaipunguza makali, na usitumie iliyokaa miaka mingi, maana hiyo imeshashiba ubao kupita kiasi. Lakini kabla ya yote, ng'oa kizibo leo na unuse ndani. Pipa la mvinyo likikaa tupu na hewa ikiingia, bakteria hugeuza mabaki ya mvinyo kuwa siki. Ukisikia siki, rudisha kipipa na udai fedha zako. Usiposikia, muulize muuzaji mvinyo ulimwagwa lini na ulikaa humo kwa muda gani, kisha uliweke jibu lake hapa kabla hujafungua hata chupa moja.