Seli ikijipasua, bakteria hapati njia ya kutorokea

Ndugu yangu, umeuliza kama seli ya kinga iliyovamiwa ikijipasua si kumfungulia bakteria mlango. Hapana. Chukua salmonela, bakteria wa homa ya matumbo na kuhara: akishamezwa na makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, hukaa humo kwa raha, maana kingamwili za kwenye damu hazimfikii. Lakini protini ya mkia wake, flajelini, ikipenya hadi kwenye maji ya ndani ya seli, protini za ulinzi huinasa na kujipanga duara kama gurudumu. Hiyo ndiyo inflamasomu, jina lililotoka maabara ya mwanasayansi Jürg Tschopp, Uswisi, mwaka 2002.

Gurudumu huamsha kimeng'enya kaspesi-1, nacho hukata protini iitwayo gasdamini D. Vipande vyake hutoboa utando wa seli, maji yanaingia, seli inavimba mpaka inapasuka. Hapa ndipo mimi hustaajabu kila mara: bakteria wengi hubaki wamenaswa ndani ya mzoga wa seli, huku interlukini-1 beta, protini ya kupiga kengele ya hatari, ikimwagika na kuita neutrofili, seli nyingine za kinga, zije kumeza mzoga pamoja na waliomo. Homa unayoisikia mwilini, kwa sehemu, huletwa na interlukini hiyohiyo.

Kujipasua huku kukizidi mno ndiyo hatari, kama kwenye sepsisi, pale kinga inapolipuka dhidi ya maambukizi na kuuumiza mwili wenyewe.