Maswali na Majibu: Sauti katika Hewa Isiyotulia

Adhana ya alfajiri kutoka upande wa pili wa mji naisikia vizuri, lakini ya adhuhuri ya msikiti uleule siisikii. Kwa nini? (Msomaji, Chumbageni)

Usiku ardhi hupoa, na kufikia alfajiri hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Kasi ya sauti huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo sehemu ya juu ya wimbi hutangulia na wimbi zima huinamia ardhini. Adhuhuri mambo hugeuka: ardhi imechomwa na jua, wimbi hupinda kwenda juu, na aliye mbali hubaki katika kivuli cha sauti. Kelele za bodaboda nazo zina sehemu yake, ila msizibebeshe lawama yote.

Je, ni kweli kwamba upepo hubeba sauti? (Wasomaji kadhaa)

Swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi, na nawasihi wanaoliuliza wasome kabla ya kuandika. Kusi ya mita 8 kwa sekunde ni kitu kidogo mbele ya sauti inayokwenda mita 349 kwa sekunde katika nyuzijoto 30. Kinachopinda wimbi ni tofauti ya upepo kati ya chini na juu, kama vile tofauti ya joto inavyolipinda; ndivyo mwanafizikia George Stokes alivyoeleza mwaka 1857.

Nimeandika programu ya kukokotoa sauti ya spika za uwanjani kwa kutumia wastani wa upepo na wa joto. Mbona inaonyesha kimya mahali ambapo watu wanasikia muziki? (Mwanafunzi, Raskazone)

Kwa sababu umeutupa msukosuko wa hewa ukidhani ni uchafu wa vipimo, na kosa hili nalikuta hata katika ripoti za watu wazima wanaolipwa. Sauti inayofika ndani ya kivuli hufikishwa huko, kwa sehemu kubwa, na mizunguko ya hewa inayoitawanya. Simama mbali na ukumbi wa taarabu mchana wenye jua kali, usikilize: fidla hufifia na kurudi, ilhali besi haiyumbi sana, kwa kuwa mawimbi mafupi ndiyo yanayosumbuliwa zaidi.

Anza na mwanahisabati Kolmogorov, aliyeonyesha mwaka 1941 kwamba wastani wa mraba wa tofauti ya kasi ya hewa kati ya nukta mbili hukua kulingana na umbali wake uliopandishwa kwa kipeo cha 2/3. Ndani ya programu yako tengeneza hewa ya kubahatisha inayotii kanuni hiyo, uichukulie kuwa imeganda wakati wimbi linapita, kwa kuwa sauti ina kasi kubwa mno kuliko mabadiliko ya hewa yenyewe, kisha pitisha wimbi. Rudia kwa hewa nyingine, na nyingine tena, ndipo uchukue wastani wa nguvu ya sauti. Ukichukua wastani wa hewa kwanza, umekokotoa hewa ambayo haijapata kuvuma popote. Angalia pia kwamba kanuni hiyo haitoshi kwa mizunguko mikubwa iliyo karibu na ardhi. Hapo tumia nadharia ya Monin na Obukhov ya mwaka 1954, inayoeleza jinsi upepo na joto vinavyobadilika kadiri unavyopanda kutoka ardhini. Na usiniletee desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja tupu: sema pia inapanda na kushuka kwa kiasi gani.

Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha? (Msomaji, Pongwe)

Kwa kulinganisha vyumba viwili, ndiyo. Kwa kupeleka shauri mahakamani, hapana.

Tunataka kupima kelele za mashine kabla majirani hawajalalamika. Tupime saa ngapi? (Msomaji, Ngamiani)

Hakuna saa moja inayotosha. Pimeni mchana, pimeni usiku wakati umande, yaani upepo wa kutoka nchi kavu, unavuma kuelekea baharini na kuinamisha sauti juu ya nyumba za pwani, pimeni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na kila kipimo kiandikwe pamoja na joto na upepo wa chini na wa juu. Mpimaji anayefika saa sita mchana na kuondoka saa nane amepima saa ambazo jirani wa mbali husumbuliwa kidogo kuliko zote. Msimlipe mpaka arudi usiku.